Shoka la baba, shingo ya mama: historia ya zana za kuni huku kwetu Ruaha

SEHEMU YA 1: SHOKA

Mara iliyopita tuliongelea moshi wa jikoni. Mama mmoja akaniambia, "Nesi, moshi tumeelewa, ila mimi kinachoniua sio moshi, ni shingo." Wala hakuwa anatania. Wodini na kliniki tunasikia hayo kila wiki: shingo, mgongo, kiuno, kidole kilichopitiwa na panga. Dawa ya maumivu tunatoa, mama anaondoka, kesho yuko porini tena na kamba yake.

Sasa nimeamua tuviangalie vifaa vyenyewe. Shoka, panga, kamba, kata ya kichwani, baiskeli, mpaka huu msumeno wa mashine tunaouita chensoo. Kila kimoja kina historia yake. Na kuna jambo moja ukilifuatilia unaliona toka zamani hadi leo: kifaa kikija cha kurahisisha kazi ya kuni, kinaishia mikononi mwa mwanaume, na mama anabaki na kichwa chake. Msinikasirikie bado, twende taratibu.

Zamani shoka halikutoka dukani, lilitoka kwa mfua chuma. Na chuma chenyewe kilitoka kwenye ardhi ya nchi hii hii. Ufipani, kule Rukwa, mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma bado yapo, wenyewe wanayaita malungu, mengine marefu kumzidi mtu. Mawe yenye chuma yanawekwa humo pamoja na mkaa, moto unawashwa, chuma kinatoka. Fikiria hapo: ili upate shoka la kukatia mti, kwanza ilibidi ikatwe miti mingi ya mkaa. Ndiyo maana shoka lilikuwa mali. Halikuachwa nje usiku.

Shoka la kienyeji bado mnaliona vijijini. Bamba la chuma lina mkia uliochongoka. Mpini unachongwa kwenye mti mgumu usiopasuka ovyo, mkole kwa mfano, na kichwa chake kinaachwa kinene kama rungu. Kinatobolewa kwa chuma cha moto, ule mkia unapitishwa humo. Kila ukipiga gogo, mkia unazama zaidi, kwa hiyo shoka linajikaza lenyewe. Akili kubwa hiyo jamani. Shoka la kiwandani liko kinyume: lenyewe ndilo lina tundu, mpini unapita ndani na kukazwa kwa kabari. Ni zito, linapasua vizuri, ila kiangazi mpini ukikauka unasinyaa, kichwa kinalegea, siku moja kinaruka. Kabla hujampa mtu shoka la namna hiyo, litikise kwanza. Watoto wanaopenda kusimama mbele ya anayepasua kuni, waondoe.

Chuma cha viwanda kilipoingia kwa wingi, matanuru yakazima. Wafua chuma hawakufa njaa lakini. Walihamia kwenye vyuma chakavu, na mpaka leo shoka zuri la mafundi wetu linatokana na springi ya gari. Lori lililokufa njiani linageuka mashoka ya kijiji kizima.

Huku kwetu ni nchi ya Wavidunda, Wasagara na Wakaguru, na wote hao kwa asili wanafuata ukoo wa mama. Ukoo unapita kwa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Lakini hata kwenye nchi ya ukoo wa mama, shoka lilikuwa la mwanaume. Yeye anaangusha mti, anafungua shamba jipya. Mama anaokota matawi makavu, anayavunja kwa goti au kwa mguu, anafunga, anabeba. Wakati pori liko nyuma ya nyumba, mgawanyo huo haukuwa mbaya sana. Ubaya umekuja baadaye, na tutaufikia.

SEHEMU YA 2: PANGA

Kama shoka ni la baba, panga ndilo lililoangukia kwa mama.

Neno lenyewe ni la kwetu. Upanga ni ule wa vita. Ukilitaka kubwa la kazi, unasema panga. Lakini chuma chake kwa muda mrefu kilitoka mbali. Birmingham, Uingereza, kampuni ya Ralph Martindale ilifua mapanga yenye alama ya mamba na kuyauza kwenye makoloni, kuanzia mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi hadi Afrika. Baada ya uhuru, enzi za Mwalimu, tukapata kiwanda chetu Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Ni kile cha UFI, na wazee mnalikumbuka jina. Kilitengeneza majembe, mapanga na majembe ya ng'ombe.

Kwa huku kwetu panga lina mlango wake mwingine: miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kiwanda cha Msolwa, ng'ambo ile ya mto Ruaha Mkuu. Mwaka 1976 ikaja Ruembe, upande wetu wa Kilosa. Maelfu ya wanaume wamekuja bondeni hapa kukata miwa, kutoka mikoa ya mbali. Mkata miwa akirudi nyumbani, panga linarudi naye. Ndiyo maana nyumba nyingi za Ruaha na Kidodi unaweza kukosa shoka lakini huwezi kukosa panga.

Shida ni kwamba panga halikuundwa kupasua gogo. Ni jepesi na refu, kazi yake ni kukata kitu laini kwa kasi: muwa, nyasi, kitawi. Shoka linatumia uzito, linazama. Panga ukiligonga kwenye mtundu au myombo mkavu linadunda, linateleza pembeni, na pembeni ndipo kulipo kidole gumba cha mkono wa kushoto ulioshikilia kuni. Vidonda vingi vya kuni ninavyosafisha viko pale pale: mkono wa kushoto, au mguu wa kushoto mbele ya mfupa wa ugoko. Nikiona tu najua mama alikuwa anapasua na nini.

Ikitokea, fanyeni hivi. Kandamiza kwa kitambaa safi, bila kuchungulia kila dakika, mpaka damu isimame. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usiweke mafuta ya taa, udongo, majivu wala unga wa kahawa. Njoo kituoni siku hiyo hiyo, hasa kama kidole hakikunji au hakihisi.

Na tuongee pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, kwa hiyo panga lililolala uani linavyo. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga, na sababu kubwa ni zile sindano mnazochoma kliniki mkiwa wajawazito. Kuna watu walikuwa wanakata kitovu cha mtoto kwa kisu chochote cha jikoni, hilo nalo limepungua sana kwa sababu mnakuja kujifungulia kituoni. Ila udongo haukutokomezwa. Na nani haji kliniki ya wajawazito? Baba. Mwanaume wa miaka 40 anapasua kuni na mara ya mwisho kuchanjwa alikuwa mtoto, kama alichanjwa. Akijikata, mlete.

SEHEMU YA 3: KAMBA NA KATA

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana kukata ni dakika, kubeba ni masaa.

Kamba ya kwanza ya kuni ilikuwa gome. Unachuna ukanda mrefu wa gome la myombo au mtundu, unaulainisha, unafunga tita. Bibi zetu walienda porini mikono mitupu, kamba waliikuta huko huko. Kisha ikaja katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya katani iliyoanzia Florida, Marekani. Iliyonusurika safari mpaka kupandwa huku ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba ya Tanga, Morogoro na kwetu Kilosa, Kimamba na Rudewa. Kamba ya katani ni ngumu na haitelezi, ila inachuna viganja na ikilowa inaoza. Leo wengi mnatumia kamba ya manila au mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira unavutika, unabana tita lisicheze. Hilo ni jambo zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu tita linalocheza kichwani ndilo linalotesa misuli ya shingo.

Kata, wengine mnaita ngata, ni kile kiduara cha kitenge au majani mnachoweka kichwani. Kidogo, hakina bei, na kwa maoni yangu ndicho kifaa bora kuliko vyote kwenye historia hii. Kinasambaza uzito usikae nukta moja, kinazuia mzigo kuyumba. Kata nzuri ni pana, imekazwa, na katikati ina tundu. Kitenge kilichokunjwa ovyo kama mto sio kata.

Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti uliofanyika Kenya. Waliwapima akina mama wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima hewa wanayovuta wakitembea na mzigo. Wakakuta mama anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu ya ziada yoyote. Wazungu walishangaa. Miaka michache baadaye wakaeleza ni mwendo: mama aliyezoea anatembea kama pendulamu ya saa, nguvu ya hatua moja inaisaidia inayofuata.

Mnaweza kuliona hilo kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini chukua kalamu. Mama mwenye kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Tita la kuni mbichi kidogo la kupikia siku tatu ni kilo ngapi? Ishirini na tano, thelathini, na wengine wanazidisha hapo. Ukivuka ile asilimia 20, kila kilo inayoongezeka mwili unailipia. Tena kwenye utafiti uliochapishwa 2010, watafiti waliwapima akina mama wa Kixhosa wa Afrika Kusini wakakuta tofauti kubwa kati ya mama na mama: wengine kubeba kichwani kunawapa nafuu, wengine hakuwapi chochote. Kwa hiyo jirani yako akipita na tita mbili huku anaimba, usijilinganishe naye.

Utafiti wa pili wa kuujua ni wa hapa nyumbani, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2018. Waliangalia tatizo la kizazi kushuka, lile ambalo wengi wenu mnalificha mpaka linakuwa kubwa. Kubeba mizigo mizito kwa muda mrefu kilikuwa mojawapo ya vitu vilivyoambatana nalo. Dalili yake: unahisi kitu kinashuka chini, uzito ukeni, mkojo unatoka ukikohoa. Hiyo sio aibu na sio uzee. Tuna matibabu.

Kwa mjamzito nasema wazi: shoka acha, kupasua kwa kuinamia acha, tita punguza nusu na likatwe fupi. Mtu mwingine akutwike na akutue, maana hatari kubwa iko kwenye kunyanyua toka chini na kugeuka ghafla. Ukiona damu, maji yanatoka, tumbo linauma kwa kubana au mtoto hachezi kama kawaida, tua mzigo hapo hapo njiani na utafute usafiri. Na aliyejifungua, wiki sita za mwanzo kuni zibebwe na mwingine. Wazee walijua hilo. Mzazi alikaa ndani, wifi na dada wakabeba. Siku hizi mzazi wa wiki mbili namkuta njiani na kamba. Shughuli ya arobaini tumeiacha ibaki ya pilau tu.

SEHEMU YA 4: PORI LILIVYOSOGEA

Fupi hii. Mnauliza kwa nini bibi zetu hawakulalamika hivi. Walilalamika, ila njia yao ilikuwa fupi.

Kwanza, vijiji. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishwa kukaa pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zikawa karibu, hilo lina faida yake. Lakini kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na pori lake, sasa zikaokota kuni sehemu moja. Miaka michache tu, kuni za karibu zimekwisha.

Pili, hifadhi. Mikumi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964, milima ya Udzungwa mwaka 1992. Sipingi hifadhi, maji yanayotoka Udzungwa ndiyo tunayokunywa bondeni. Kule Udzungwa, akina mama wa vijiji vya pembezoni waliachiwa kuingia siku maalum ya wiki kuokota kuni zilizokwishakufa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa. Miti ya kupanda na majiko ya kutumia kuni chache vilihamasishwa, na walioanza mapema waliona faida. Mwingine aliamka tu akakuta siku yake ya kuni imefutwa.

Na aside ndogo ya kusikitisha: bwawa la Kidatu, hapo jirani tu, limekuwa likizalisha umeme wa taifa tangu miaka ya 1970, megawati 204. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda Morogoro na Dar. Chini ya nyaya hizo, mama anapita na tita.

SEHEMU YA 5: MAGURUDUMU NA CHENSOO

Mwaka 1985 Shirika la Kazi Duniani lilianza mradi wa usafiri wa vijijini Makete. Walifanya jambo ambalo serikali nyingi zilikuwa hazijafikiria: badala ya kuhesabu magari barabarani, waliziuliza kaya zinatembea wapi, na nini, kichwani mwa nani. Jibu likawa kwamba safari nyingi za mizigo haziendi mjini kabisa. Zinazunguka kijijini: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Na sehemu kubwa iko juu ya kichwa cha mama. Wakatengeneza njia za miguu, wakaleta punda na toroli.

Punda na toroli vilisaidia. Ila hapo ndipo lile jambo la mwanzo linapoonekana tena. Chenye gurudumu kinanunuliwa kwa hela, hela anayo baba, kwa hiyo chombo ni cha baba, na baba anakitumia kwenye kazi inayoleta hela. Angalia baiskeli. Zilikuja za Uingereza, tukatengeneza Swala yetu Dar es Salaam, kisha Phoenix ya China ikatawala. Baiskeli yenye karia imara inabeba kuni au mkaa mara tatu ya kichwa cha mama. Umemwona nani anaisukuma? Kijana anayeuza. Kuni zikipanda baiskeli zinageuka biashara. Zikiwa za kupikia ugali wa nyumbani, zinarudi kichwani. Bodaboda hivyo hivyo.

Chensoo ndiyo imemaliza kabisa. Gogo la nusu siku kwa shoka linakatwa kwa dakika chache, na mwenye mashine anataka malipo. Lakini hii ina hadithi ambayo kama nesi siwezi kuiacha. Msumeno wa kwanza wa mnyororo unaojulikana haukutengenezwa kwa ajili ya mti. Mwishoni mwa miaka ya 1700 madaktari wawili wa Uskochi, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo mwembamba wenye meno, unaovutwa kwa mkono huku na huku. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukata kiungo cha mbele cha nyonga ya mama mwenye uchungu pingamizi, ili mtoto apite. Enzi hizo upasuaji wa kutoa mtoto ulimaanisha mama kufa karibu kila mara. Na hakukuwa na ganzi. Msumeno wa mashine wa kukatia miti ulikuja baadaye sana, Mjerumani Andreas Stihl akiwa mmoja wa walioutengeneza miaka ya 1920. Kwa hiyo akina mama, msikiapo ile mashine inanguruma mlimani, mjue wazo lake lilipita leba kabla ya kufika porini.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ukifika kwako, vizuri sana. Lakini wengi wetu tutachanganya gesi na kuni kwa miaka mingi, kwa hiyo nitawaambia baba zetu kitu kimoja cha kufanya mwezi huu. Kama kuna toroli au baiskeli nyumbani, ipangiwe siku moja ya kuni kwa wiki, siku inayojulikana, kama ilivyo siku ya mnada. Magogo yapasuliwe kwa shoka na mwenye nguvu, mara moja, yapangwe juu ya mawe yakauke. Kuni kavu ni nyepesi kubeba kuliko mbichi na zinawaka bila moshi mwingi. Kwa asiye na gurudumu, safari mbili za kilo 12 ni bora kuliko moja ya 25. Najua njia ni ndefu. Mwili hata hivyo unahesabu kilo, na kilomita kidogo.

Wanaotaka kujua tita lao lina kilo ngapi, mizani ya kuning'iniza ya wauza mahindi inatosha. Pima mara moja tu, utashtuka.

Mliouliza kuhusu watoto wanaotumwa kuni wakitoka shule, hilo nimeliweka pembeni kwa sehemu inayofuata. Mifupa ya mtoto ni habari nyingine.